Shamba la Anathothi na Moto wa Namugongo

Tumaini na matarajio ni maneno yanayokaa jirani, lakini imani ya Kikristo huyatenganisha. Mwenye matarajio hutazama mawingu, akapima upepo, ndipo akasema mvua itanyesha au haitanyesha. Dalili zikiwa njema moyo wake hupanda, zikiwa mbaya hushuka. Tumaini halifuati dalili. Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, anamtaja Ibrahimu aliyetumaini pale ambapo hapakuwa na la kutumainia: mzee wa karibu miaka 100, na mke ambaye umri wake wa kuzaa ulikwisha kupita. Paulo hasemi kwamba Ibrahimu alijidanganya. Ibrahimu alijua hali ya mwili wake, akaijua na ya Sara. Alichoshika ni neno la aliyeahidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika Biblia, hata hivyo, ni ule usiosikika mara nyingi mimbarani. Uko katika sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji wa Yerusalemu, njaa imeingia, na Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni katika uwanja wa walinzi wa mfalme Sedekia. Kosa lake lilikuwa kusema wazi kwamba mji utatekwa. Huko kifungoni akajiwa na Hanameli, mwana wa ami yake, aliyetaka kumuuzia shamba lililoko Anathothi, kijiji cha jirani. Mtu yeyote mwenye akili ya biashara angecheka. Nani hununua ardhi katika nchi inayokaribia kuwa mali ya adui? Yeremia alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, akatia hati muhuri, akamwagiza karani wake Baruku aiweke katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi.

Mambo mawili katika kisa hiki hayapaswi kuachana. La kwanza ni kwamba Yeremia hakubadili utabiri wake. Aliendelea kusema mji utaanguka, na ukaanguka. La pili ni kwamba alinunua. Aliamini siku itakuja ambapo mashamba yatauzwa na kununuliwa tena katika nchi ile, kwa hiyo akatenda leo jambo la siku hiyo. Yeye mwenyewe hakuambulia kitu: baada ya mji kuanguka alichukuliwa na watu wake mpaka Misri, na Biblia haimwonyeshi akilima Anathothi hata siku moja. Ilibaki hati ndani ya chungu.

Hivyo ndivyo tumaini linavyoonekana linapokuwa hai wakati wa kushindwa. Halionekani sana katika uchangamfu wa uso. Linaonekana katika kazi inayofanywa kwa ajili ya kesho ambayo hakuna dalili kwamba itafika. Katika historia ya Afrika Mashariki, mahali pa kulitazama tumaini la namna hiyo kwa karibu ni Buganda, kati ya mwaka 1885 na 1890.

Wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS (Church Missionary Society) walifika kwenye kasri la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza, tarehe 30 Juni 1877. Mapadre Wakatoliki wa shirika la Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama White Fathers, walifika mwaka 1879. Uislamu ulikuwa umetangulia kwa miaka mingi, ukiletwa na wafanyabiashara wa kutoka Zanzibar, na Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya kasri ya kuzungumzia na wageni. Ndiyo maana Injili za kwanza kushikwa na Waganda zilikuwa za Kiswahili, tafsiri zilizofanywa Zanzibar na Edward Steere. Vijana wa kasri walijifunza herufi kwa Kiswahili kabla maandiko ya Kiganda hayajatoka kwenye mtambo mdogo wa kuchapa wa Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyekuwa mmisionari. Mkristo aliitwa msomaji. Kusoma na kuamini vilikuwa kitendo kimoja.

Zaidi ya miaka miwili kabla ya mateso kuanza lilitokea jambo ambalo wakati huo lilionekana kuwa pigo. Novemba 1882 mapadre Wakatoliki waliondoka Buganda kwa kuhofia usalama wao, wakaenda kusini mwa Ziwa Victoria. Waliwaacha waumini wachache waliobatizwa na wanafunzi kadhaa, bila padre, bila misa. Waliporudi Julai 1885 walikuta kundi limekua. Walei walikuwa wamefundishana. Joseph Mukasa Balikuddembe, mmoja wa wasimamizi wa nyumba ya Kabaka, alifundisha ndani ya kasri. Andrea Kaggwa, kiongozi wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha nyumbani kwake. Matiya Mulumba alifundisha katika eneo la Mityana. Walikuwa wameachiwa hali iliyofanana na mwisho, wao wakaitumia kama mwanzo. Bila miaka hiyo miwili na nusu, mateso yaliyofuata yangekuta kanisa linalosubiri amri kutoka kwa wageni.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga alirithi kiti akiwa kijana wa umri wa miaka 18 hivi. Haki inadai kusema kwamba hofu ya Mwanga ilikuwa na msingi. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi upande wa pwani, na Agosti mwaka huo manowari zao zilitia nanga Zanzibar kumtisha Sultani Barghash. Wageni waliofundisha kusoma walikuwa wa rangi ileile na wanaokuja kuteka. Zaidi ya hayo, Mwanga aliona ndani ya kasri lake watumishi vijana wanaomtii mwingine kuliko yeye, na wanaokataa matakwa yake ya kimwili. Kabaka asiyetiiwa chumbani mwake angetiiwaje vitani?

Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana, Marko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto huko Busega. Lugalama alikuwa mdogo kuliko wote, bado mtoto. Tarehe 29 Oktoba Askofu James Hannington, aliyekuwa akija kwa njia ya mashariki, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga pamoja na wengi wa wapagazi wake. Joseph Mukasa alimkemea Kabaka kwa kifo hicho, na tarehe 15 Novemba naye akauawa.

Usiku wa siku ileile aliyouawa Mukasa, wanafunzi wa dini kutoka kasrini walikwenda kwa mapadre wakaomba wabatizwe. Miongoni mwao alikuwa Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi ya Mukasa ya kuwalinda na kuwafundisha wadogo. Damu ya mwalimu ilikuwa haijakauka. Kwa hesabu ya kawaida, huo ndio ulikuwa usiku wa kukaa mbali na kanisa, na mtu angeweza kusubiri mwezi mmoja au miwili hali itulie bila kulaumiwa na yeyote. Wao waliomba kuingia. Kwa upande wa Waanglikana nako, katika mwaka huohuo wa 1885, Mackay na wenzake waliunda baraza la wazee Waganda ili kanisa liwe na viongozi wake kama wageni wakifukuzwa au kuuawa. Kuunda baraza la kuongoza kanisa ambalo huenda lisiwepo mwakani ni tendo la jamaa moja na kutia muhuri hati ya shamba la Anathothi.

Dhoruba kubwa ilianguka tarehe 25 Mei 1886. Mwanga alirudi kutoka mawindoni ziwani akakuta kasri lake la Munyonyo halina watumishi. Alipoambiwa kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini kijana mwenzake, mwana wa Katikkiro, waziri mkuu wake, alimchoma Ssebuggwawo mkuki. Malango yakafungwa. Usiku ule watumishi Wakristo walikuwa wamefungiwa ndani, wakijua kinachowangoja asubuhi.

Alichofanya Lwanga usiku ule kinahitaji kuangaliwa taratibu. Aliwabatiza wale ambao walikuwa bado kubatizwa, akiwemo Kizito, kijana wa miaka 14 hivi. Ubatizo katika imani ya Kikristo ni kuingizwa katika watu, katika jumuiya inayoendelea; kwa namna fulani ni kuandikishwa kwa ajili ya wakati ujao. Vijana hawa walikuwa na saa chache mbele yao. Kama tumaini lao lingekuwa matarajio ya kuokolewa na Kabaka, Lwanga angetumia usiku kutafuta njia ya kuruka uzio au maneno ya kumlainisha mfalme. Aliutumia kuwapa kitu ambacho hukumu ya kesho yake haikuwa na uwezo wa kukigusa.

Asubuhi hukumu ilitolewa, na safari ya kwenda Namugongo, mahali pa kunyongea watu wa kasri, ikaanza kwa miguu. Baadhi waliuawa njiani. Matiya Mulumba alikatwa viungo akaachwa afe taratibu katika eneo la Kampala ya zamani. Waliofika Namugongo walifungwa karibu juma zima huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni 1886, Sikukuu ya Kupaa Bwana, Karoli Lwanga alichomwa peke yake, kisha wengine pamoja, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Mbaga Tuzinde alikuwa wa ukoo wa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, ambaye alimsihi akane au ajifiche. Alikataa, na Mukajanga akaamuru apigwe shingoni kwanza ili moto umkute amekwisha kufa. Vijana wachache waliachiwa dakika za mwisho, akiwemo Denis Kamyuka, na ushahidi wao ndio uliohifadhi mengi ya yale yanayojulikana leo kuhusu siku hiyo.

Simulizi za aina hii huharibika zinapopambwa, kana kwamba wote walikwenda motoni wakicheka. Buganda ya 1886 ilikuwa na hofu ya kweli. Wasomaji wengi walikimbia, wengine walifichwa na machifu wenye huruma, na hakuna mwalimu aliyewalaumu kwa kujificha. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba mtu atafute kuuawa. Zaburi zenyewe, zilizo kitabu cha sala cha Wayahudi na Wakristo, zimejaa vilio, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja mwishoni. Aliyeiingiza zaburi hiyo katika sala za watu wa Mungu alielewa kwamba kulia mbele za Mungu bado ni kuwa mbele zake. Anayelia hivyo hajakata tamaa. Aliyekata tamaa hanyanyui sauti.

Ndiyo sababu mafundisho yanayomwahidi muumini kwamba akiamini vya kutosha atashinda kila kesi, atapona kila ugonjwa na atapandishwa kila cheo yanamdhuru mtu anayedaiwa kusaidiwa. Yanamtayarisha kwa siku za jua tu. Mvua ikianza anabaki na mizigo miwili: msiba wenyewe, na shutuma kwamba ameuleta kwa uhaba wa imani. Kizito hakukosa imani. Yeremia hakukosa imani. Wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau jioni ya Jumapili ya Ufufuo, kwa simulizi ya Luka, walilizungumzia tumaini lao kama kitu kilichopita, na huku aliyefufuka alikuwa akitembea nao bila wao kumtambua. Hakuwafukuza kwa uchache wa imani yao. Aliwafafanulia Maandiko, akaketi mezani, akamega mkate.

Baada ya Juni 1886 mtu aliyeangalia mambo kutoka nje angesema mradi umekwisha. Robert Ashe, mwenzake Mackay, aliondoka Buganda katika mwezi wa Agosti. Mackay alibaki karibu mwaka mzima bila mwenzake wa CMS, hawezi kuhubiri hadharani. Wasomaji walimjia usiku. Mchana alitafsiri na kuchapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda, ukurasa baada ya ukurasa, kwa ajili ya wasomaji ambao kumiliki karatasi hizo kungeweza kuwaua. Julai 1887 akafukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, akaendelea na kazi ileile. Alifariki huko kwa homa tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Hakurudi Buganda akiwa hai.

Huko Buganda nako mambo yalipinduka kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri. Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa na wasomaji wa dini zote waliogundua kwamba alitaka kuwaangamiza, Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Mwezi uliofuata Wakristo nao wakafukuzwa na wenzao Waislamu, wakakimbilia Nkore, ufalme wa jirani. Mwanga, akiwa mkimbizi asiye na jeshi wala chakula, alivuka ziwa akapokewa Bukumbi, karibu na Mwanza, na mapadre walewale ambao miaka miwili tu nyuma alikuwa amewachoma wanafunzi wao. Walimpa hifadhi. Kisha Wakristo wa Buganda wakampigania mpaka wakamrudisha kwenye kiti chake. Honorat Nyonyintono, aliyekatwa sehemu za mwili wake katika mateso ya 1886, alikuwa kiongozi wao mkuu vitani, akafa mwaka 1889 akimpigania mfalme aliyemlemaza. Apolo Kaggwa, aliyepigwa na kujeruhiwa na Mwanga siku zilezile za Mei 1886, akawa Katikkiro wa Mwanga.

Kuna sababu za kisiasa katika jambo hili, na zisifichwe: Wakristo walihitaji Kabaka halali ili nchi iwakubali. Lakini siasa pekee haielezi jinsi mapadre wa Bukumbi walivyomfungulia mlango mtu asiye na faida yoyote siku alipobisha hodi.

Haki hiyohiyo inadai kusema lililofuata. Wakatoliki na Waanglikana, waliochomwa katika moto mmoja Namugongo, walipopata madaraka waligombania vyeo na ardhi, na tarehe 24 Januari 1892 wakapigana kwa bunduki huko Mengo. Kanisa la Buganda lilikuwa safi zaidi lilipokuwa linashindwa kuliko liliposhinda. Ushindi ulileta jaribu ambalo moto haukuwa umelileta, na aliye imara motoni si lazima awe imara mezani.

Kazi iliyofanywa gizani, hata hivyo, ilizaa. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kazi ya George Pilkington akisaidiwa na Henry Wright Duta, mmoja wa wasomaji wa siku za mateso. Mwaka huohuo Apolo Kivebulaya, mwalimu Mganda, alivuka kwenda Mboga, katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alipigwa, akafungwa, akaambiwa kazi yake imekwisha, akarudi tena Mboga na kuhudumu huko mpaka kifo chake tarehe 30 Mei 1933. Aliacha maagizo azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa sababu kazi ilikuwa bado inaelekea huko.

Mwanga mwenyewe alipelekwa uhamishoni Shelisheli na Waingereza. Alibatizwa huko kwa jina la Danieli, akafariki mwaka 1903. Wafiadini 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, naye akawakumbuka pia ndugu zao Waanglikana waliokufa kwa imani ileile. Kanisa la Uganda, ndilo la Kianglikana, linawakumbuka Waanglikana 23. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hukusanyika Namugongo, wengine wakiwa wametembea kwa miguu siku nyingi kutoka Tanzania, Kenya, Rwanda na Kongo.

Hati ile ya chunguni ilibidi isomwe tena baada ya miaka 90. Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa akiandaa sherehe za miaka 100 ya Kanisa la Uganda, zilizopangwa kufanyika Juni 1977. Utawala wa Idi Amin ulikuwa ukiua watu bila kujificha. Februari mwaka huo askari waliivamia nyumba yake usiku wakidai kutafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia vitendo hivyo na mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kesho yake ikatangazwa kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Kaburi la Luwum lilikwisha kuchimbwa kwenye kilima cha Namirembe, kando ya kaburi la Askofu Hannington. Serikali haikutoa mwili. Ulipelekwa kuzikwa haraka kijijini kwake Mucwini, kaskazini mwa nchi. Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya watu walipanda Namirembe bila kujali askari, wakasali, kisha wakatoka wakasimama kulizunguka kaburi lililo wazi na kuimba wimbo wa wafiadini wa mwaka 1885. Utawala wa Amin ulibaki na zaidi ya miaka miwili ya kuishi, na hakuna kati ya waimbaji hao aliyejua hilo. Mwezi Juni sherehe za miaka 100 zilifanyika kama zilivyopangwa.